Koti la mvua limechoka mapema: namna ya kudai waranti ukiwa Mwanza

Anayenunua koti la mvua Julai, kiangazi kimeshika, hulitundika msumarini likasubiri vuli. Oktoba mvua ya kwanza inapiga, bega linalowa, anarudi dukani na kuambiwa waranti ilikuwa ya miezi mitatu. Imekwisha kabla koti halijaonja tone. Hasara ya namna hii huwapata wengi wanaovaa nguo za kazi za nje, na dawa yake huanzia siku ileile ya kununua.

Maelezo haya ni ya makoti na suruali za mvua, jaketi za upepo, gambuti na viatu vya kazi, kwa mvuvi, bodaboda, mpagazi wa mwaloni na yeyote anayeshinda nje kwenye mwambao wa ziwa.

Shika hili kwanza: waranti hulipa kasoro ya utengenezaji. Uchakavu hailipi, ajali hailipi, matumizi mabaya hailipi. Muuzaji akifanikiwa kukutoa kwenye neno "kasoro" na kukuingiza kwenye neno "kuchakaa", umeshindwa hata kama vazi lina wiki sita. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ina kazi hiyo moja, kuonyesha kwamba vazi limeharibika kwa namna lilivyotengenezwa.

Siku ya kununua

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uipige picha hapohapo kaunta. Risiti hizi huchapwa kwa joto, bila wino. Ukiiacha kwenye pochi au chini ya kiti cha pikipiki, baada ya miezi michache maandishi yanafifia na unabaki na karatasi nyeupe. Picha ionyeshe jina la duka, tarehe, bei na namba ya uhakiki iliyo chini, maana risiti inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, hata karatasi ikiwa imepotea.

Ukilipa kwa lipa namba, usifute ujumbe wa muamala. Una jina la mpokeaji, kiasi, siku na saa. Kwa machinga asiye na mashine ya EFD, huenda huo ndio ushahidi pekee utakaokuwa nao, kwa hiyo ongeza kipande cha karatasi ya daftari: nimeuza koti moja la mvua, rangi hii, saizi hii, likivuja ndani ya siku kadhaa nitabadilisha; tarehe, sahihi, namba ya simu. Wengi huandika bila shida wakati fedha iko mkononi mwa mteja. Anayekataa amekuambia jambo muhimu kuhusu koti lake.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne. Waranti ni ya duka, ya muagizaji au ya kiwanda? Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Mishono na zipu zimo? Na inakubali matumizi ya biashara? Hilo la mwisho watu hulipita, na ndilo linalowaangusha. Waranti za nguo za matembezi mara nyingi huwa na maandishi madogo yanayosema ni kwa matumizi binafsi tu. Koti la mtu anayepanda mlima mara tano kwa mwaka likivaliwa kila usiku kwenye mtumbwi wa dagaa, kampuni imeshapata pa kujifichia. Mvuvi na bodaboda wanunue vazi lililotajwa kuwa la kazi, hata kama si zuri machoni.

Jaribio la magazeti

Lifanye ndani ya wiki ya kwanza, jua liwe linawaka au la. Fungua na kufunga zipu mara 10. Jaza magazeti makavu yaliyokunjwakunjwa kwenye mikono yote miwili, mabegani, kifuani na ndani ya kofia, funga koti, litundike kwenye henga. Mwaga lita 20 za maji taratibu kwa keni ya kumwagilia bustani, kwa muda wa dakika 10, ukianzia mabegani. Acha dakika 5, futa nje kwa kitambaa kikavu, kisha fungua.

Gazeti linatoa ramani. Mstari mwembamba wenye giza unaofuata mshono maana yake utepe unaofunika mshono kwa ndani haukushika. Doa la duara lililo peke yake ni tundu au kitambaa chenyewe. Ukanda mpana nyuma ya zipu ni maji yaliyopita kwenye meno, na hilo ni la kawaida kwa koti lisilo na kifuniko cha zipu, kwa hiyo usilipeleke kama kasoro isipokuwa kama liliuzwa kwa ahadi kwamba zipu haipitishi maji.

Faida kubwa ya magazeti ni kwamba hayatoi jasho. Kwa joto la Mwanza, mtu aliyevaa koti la plastiki ya PVC na kuendesha pikipiki kutoka Igoma hadi Nyegezi atavua nguo ya ndani ikiwa imelowa, na ataapa koti linavuja. Jasho hulowesha mgongo na kwapa kwa usawa. Maji ya nje huingia mahali pamoja na kufuata mstari.

Kasoro au uchakavu?

Geuza koti ndani nje na uanze na mishono. Koti la kitambaa hushonwa kwa uzi, kisha mshono hufunikwa kwa utepe unaogandishwa kwa joto. Utauona uking'aa, upana wa kidole. Utepe ukibanduka kwa mstari mrefu ulionyooka, kitambaa cha chini kikiwa safi, joto au mgandamizo wa kiwandani haukutosha. Hiyo ni kasoro na inadaiwa. Ukibanduka pale tu mkanda wa begi unapokaa, au chini ya kola ambako mafuta ya mwili hukusanyika, jiandae kujibizana. Koti la PVC lenyewe halina uzi kwenye mishono mingi, vipande vimeunganishwa kwa kuyeyushwa. Kiungo kikifunguka kama bahasha, sawasawa na mstari wake, kosa ni la kiwanda. Mpasuko unaoanzia kona ya mfuko na kukata kitambaa kwa mshazari umetokana na kuvutwa.

Pitisha kiganja upande wa ndani. Malengelenge kama ya ngozi iliyoungua yanaonyesha kwamba utando unaozuia maji umeachana na kitambaa. Mara nyingi huanzia kolani, mabegani na kwapani. Kampuni itasema ni jasho na mafuta ambayo hayakufuliwa, na wakati mwingine ni kweli, ndiyo maana unahitaji kuweza kueleza umefua mara ngapi na kwa nini. Malengelenge yakiwa mgongoni au kwenye pindo, mahali ambapo jasho halikai, hoja yako ina nguvu zaidi. Piga picha hapo kwanza.

Tabaka la ndani likinata, likitoa harufu kali na kuacha unga au magamba kwenye shati, ni poliyurethani, aina ya plastiki, inayovunjika kwa unyevu na joto. Koti lililokunjwa bichi na kufungiwa kwenye boksi la mtumbwi, au kutundikwa chini ya bati, hufika huko haraka. Kama hukulihifadhi hivyo na bado limenata ndani ya muda wa waranti, dai.

Linalochanganya wengi ni kulowa kwa nje. Kitambaa cha juu cha jaketi zenye utando hupakwa dawa ya kufukuza maji. Ikiwa hai, matone hukaa kama shanga na kuteleza. Ikiisha, kitambaa hunywa maji, kinakuwa kizito, kinageuka rangi, na ndani unahisi ubaridi unaofanana kabisa na kulowa, wakati utando ni mzima. Dawa hiyo huisha kwa kutumika, na ni nadra waranti kuilipa. Thibitisha hivi: shika sehemu unayoishuku iwe kama bakuli, upande wa nje ukiwa juu, mimina nusu lita ya maji, subiri dakika 5, gusa chini kwa tishu. Tishu ikibaki kavu, koti halivuji. Lifue kwa sabuni ya maji isiyo na kilainisha nguo, suuza mara mbili mpaka povu liishe, kausha kivulini, kisha pitisha pasi ya moto mdogo bila mvuke, kukiwa na kitambaa cha pamba katikati, sekunde chache kila sehemu. Joto huamsha dawa iliyobaki. Soma lebo kwanza. Alama ya pasi iliyokatwa msalaba inakataza. Na pasi isiguse PVC kabisa, itayeyuka.

Zipu inayofungika halafu ikaachia nyuma ya kichwa chake ina tatizo la kichwa, si la meno. Taya za kichwa zimepanuka, mara nyingi kwa mchanga wa mwaloni unaosaga chuma kila unapofunga. Katika mwezi wa kwanza au wa pili dai bila kusita. Ila usikibane kwa plaizi kabla ya kudai, kwa sababu alama za plaizi huonekana wazi kwenye picha na zitakuhukumu. Meno yaliyong'oka kutoka kwenye utepe wake huku mengine yakiwa imara ni kasoro pia.

Rangi kupauka usiipeleke. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na mvuvi hupigwa na jua mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Nailoni na poliesta hupoteza rangi na nguvu kwa jua hilo, na kila kampuni huliita uchakavu. Angalia uzi badala yake. Mshono ukiachia kwa urefu wa kiganja, uzi umekatika vipandevipande na matundu ya sindano kwenye kitambaa bado ni madogo na mazima, basi uzi ulikuwa dhaifu kuliko kitambaa, na hiyo inadaiwa.

Yale ya moto yaache. Bomba la moshi la pikipiki huyeyusha mguu wa kulia wa suruali kwa ndani, karabai hutoboa mkono wa koti, na alama zake hazijifichi: ukingo mgumu, unaong'aa, uliojikunja. Ukiyachanganya na dai la kweli, muuzaji ataanza nalo hilo na la kweli litazama pamoja nalo.

Kuandaa dai

Usishone na usipake gundi. Sindano ya fundi huacha tundu kila hatua, na gundi kali hukauka ikawa ngumu na kupasua kitambaa pembeni yake. Zaidi ya yote, vazi lililoguswa na fundi huhesabiwa limebadilishwa. Kama ni lazima ulivae, vaa jingine.

Lifue. Vazi lenye harufu ya sangara au utelezi wa dagaa hurudishwa bila kufunguliwa, na matope huficha kasoro unayotaka ionekane. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini kwenye kola na meno ya zipu. Usitumie jiki, wala petroli kutoa madoa ya oili, maana petroli huondoa tabaka lenyewe.

Picha sita zinatosha: mbele yote, nyuma yote, lebo ya ndani, sehemu mbovu kutoka mita moja, sehemu hiyo kwa karibu ikiwa na rula au sarafu kando yake, na risiti. Piga barazani mchana; jua la saa sita hufuta malengelenge na flashi hung'arisha utepe. Ongeza video ya sekunde 30 ya lile jaribio la bakuli, tone likionekana linapita. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti ili zisipunguzwe ubora.

Kisha andika, hata kama duka liko mtaa wa pili. Maneno ya kaunta hayana tarehe. Ujumbe unaofaa ni kama huu:

"Habari za kazi, kaka. Tarehe 12 Agosti nilinunua kwako koti la mvua la kijani, saizi L, shilingi 45,000. Picha ya risiti nimeambatanisha. Utepe wa mshono wa bega la kulia umebanduka sentimita 14 na maji yanapita, video hiyo hapo. Halijachanika wala kushonwa. Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya maji na kulianika kivulini. Naomba unibadilishie, au kama litatengenezwa uniambie litakuwa tayari lini. Nitapita Jumamosi saa nne asubuhi."

Ujumbe huo una kipimo badala ya "limeharibika sana", umejibu swali la ufuaji kabla halijaulizwa, umetaja unachotaka, na umeweka siku. Hauna tusi wala tishio. Muuzaji mara nyingi lazima aupeleke kwa muagizaji wake, na ujumbe wa heshima wenye vipimo anaweza kuusambaza kama ulivyo.

Utegemee jibu kwa mpangilio huu: kutengeneza, kubadilisha, kurudisha fedha. Kutengenezewa si vibaya kwa zipu. Kwa utando ulioachana na kitambaa kataa, kwa sababu malengelenge hayagandishwi yakakaa.

Wakisema "mali ikishauzwa hairudishwi"

Kibandiko hicho cha ukutani dukani kinafaa kwa mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Kwa bidhaa mbovu hakikupi jibu la mwisho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka ndani ya mauzo masharti ya bidhaa kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima ya masharti yanayomlinda mlaji hata yasipoandikwa. Koti lililouzwa kama la mvua na linapitisha mvua halifai kwa kazi yake. Kwa hiyo unaponunua, taja kazi kwa sauti, au kwenye ujumbe: "nataka la kuvaa kwenye mtumbwi usiku".

Mpe muuzaji siku 14. Zikipita, andika barua fupi kwa Tume ya Ushindani, FCC, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa jijini, ukiambatanisha risiti, picha na ujumbe wote wa simu kwa mfuatano wa tarehe. Koti likiwa na nembo ya bandia, nenda hukohuko moja kwa moja, kwa kuwa FCC ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Kampuni yenye nembo haiwezi kulipia kitu ambacho haikukitengeneza. Kwa machinga na wauza wa sokoni, uongozi wa soko husuluhisha haraka kuliko ofisi yoyote, na ile karatasi ya daftari ndiyo utakayoiweka mezani.

Mitumba na kampuni za nje

Jaketi nzuri nyingi zinazoonekana Mwanza zilikuja kwenye belo. Waranti nyingi ni za mnunuzi wa kwanza, na neno "ya maisha" humaanisha maisha ya vazi, siyo yako. Nazo hubadilika: L.L.Bean ya Marekani, iliyokuwa ikipokea nguo bila kikomo cha muda, tangu mwaka 2018 inataka uthibitisho wa ununuzi na iwe ndani ya mwaka mmoja. Kwa jaketi za Gore-Tex, kumbuka kwamba mtengenezaji wa utando ana ahadi yake mwenyewe, mbali na ya kampuni iliyoshona koti.

Tafuta namba ya modeli kwenye lebo ndogo ndani ya mfuko au ubavuni. Namba inayoanza na RN haitambulishi koti. Hutolewa Marekani kutambua kampuni tu, na kuituma peke yake hakusaidii. Tuma picha kwanza, na usipeleke mzigo Posta kabla hujapewa namba ya marejesho. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, na uulize forodha mapema, maana koti jipya linaporudi linaweza kutozwa ushuru kama mzigo wa kawaida. Kwa zipu, fundi wa hapa anayebadilisha kichwa atakugharimu kidogo kuliko safari hiyo.

Tajiri anayenunulia wavuvi

Mwenye mitumbwi anayenunua makoti 12 kwa mpigo ana nguvu ambayo mnunuzi mmoja hana. Andika namba kwenye lebo ya kila koti kwa kalamu isiyofutika, andika daftarini nani amepewa lipi na lini, na moja liweke stoo bila kuvaliwa. Makoti 4 kati ya 11 yakifunguka kwenye mshono uleule wa bega ndani ya mwezi, hakuna anayeweza kusema wavuvi wanne wamevuta vibaya mahali pamoja. Lile la stoo linaonyesha lilivyotoka kiwandani, na mara nyingi ukilifanyia jaribio la magazeti litavuja hapohapo bila kugusa ziwa.

Gambuti na viatu

Gambuti hupasuka pale mguu unapokunjika. Nyufa nyingi ndogo upande ulioelekea jua ni za kuanikwa. Ufa mmoja unaofuata kiungo cha soli na shingo ni kasoro. Jaza maji hadi kifundoni, weka juu ya gazeti kwa nusu saa, uone inapovuja.

Soli ya kati ya poliyurethani inaweza kusagika kama chaki hata kwa kiatu ambacho hakijavaliwa, kwa sababu unyevu unaila polepole stoo. Bonyeza kidole gumba kwenye soli kabla ya kununua. Ikibaki na shimo au ikitoa unga, kiache, hata kama bei imeshushwa.

Ukibadilishiwa vazi, uliza na uandikiwe: waranti inaanza upya au inaendelea pale ilipofika? Maduka mengi huendeleza tarehe ya zamani. Piga picha lebo mpya, ihifadhi pamoja na risiti ya kwanza, na ulifanyie jaribio la magazeti jioni hiyohiyo.